Kibaraza Kwanza, Sebule Baadaye

Ukipita barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, mkoani Kigoma, au ukikunja kuelekea Manyovu na kupanda hadi Muyama, utaona nyumba nyingi za tofali za kuchoma zilizokwama hatua ile ile. Kuta zimesimama, bati limepigwa, dirisha moja la mbele lina kioo na la pili limezibwa kwa tofali likisubiri fedha, na mlangoni kuna ngazi mbili za saruji zinazopigwa na jua na mvua kwa zamu. Kibaraza chenye paa, kama kipo, kina upana wa hatua moja na nusu, kimewekwa ili uso wa nyumba upendeze. Mara nyingi hakipo kabisa. Mwenye nyumba atakwambia kitafuata baadaye, baada ya dari, baada ya vigae vya sebuleni, baada ya rangi. Mimi nashikilia kinyume chake. Katika milima hii, ambako mvua hufungua Oktoba na kuaga Mei, kibaraza kipana chenye paa hufanya kazi nyingi kuliko chumba chochote cha ndani, na anayetaka kuongeza kitu kwenye nyumba aliyo nayo aanze na hicho kabla ya kutia shilingi sebuleni. Nasema kipana, na nasema kilichosimama kwa miguu yake chenyewe, kwa sababu vibaraza vingi vinavyoongezwa hapa hushindwa kwa kukosa mambo hayo mawili, kisha watu wakalaumu wazo zima.

Tuanze na kazi, maana nyumba ya mkulima wa Buha, nchi yetu Waha, ni mahali pa kazi kabla haijawa mahali pa kupumzikia. Maharage hapa hulimwa mara mbili kwa mwaka. Ya kwanza hupandwa mvua zinapoanza na kung'olewa Januari na Februari, katikati ya msimu, siku ambazo jua huchungulia asubuhi na wingu kufunga mchana haujaisha. Mkulima wa Dodoma huvuna nchi imekauka. Wa Muyama huvuna huku matope yamemganda miguuni. Maharage hayo yakianikwa uani juu ya turubai, lazima mtu mmoja wa nyumba ile asifanye kingine siku nzima ila kutazama anga na kukimbia. Yakiingizwa sebuleni kabla hayajakauka, makochi yanasukumwa ukutani, vumbi la maganda linatanda kila kona, na chini ya lundo joto linapanda mpaka punje zinabadilika rangi. Mahindi nayo hufuata, na kahawa huanza kuiva kabla mvua haijakatika. Anayedhani unyevu ni suala la kupoteza ladha tu akumbuke mwaka 2016, sumukuvu kwenye mahindi ilipoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, mikoa iliyo mikavu kuliko huu wetu. Paa lisilo na kuta pembeni huuachia upepo upite juu ya nafaka na huizuia mvua isiifikie. Chumba chenye kuta nne, hata kiwe na dirisha kubwa namna gani, hakiwezi kufanya yote mawili kwa pamoja.

Hayo ni ya mavuno tu. Ongeza nguo za watoto ambazo Machi hukaa kambani siku tatu bila kukauka, baiskeli, pikipiki, kuni ambazo zikilowa jioni hiyo hakuna chakula. Ongeza mtoto wa darasa la saba anayetafuta mwanga wa kusomea saa kumi na mbili jioni, ndani kukiwa giza na nje kukiwa na manyunyu. Ongeza wageni. Salamu za Kiha, kila aliyekaa nasi anajua, haziishi kwa neno moja wala mawili. Mtu huuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za shamba, na huulizwa vilevile, na si kila anayepita anakusudia kuingia ndani. Kumwacha mzee amesimama kwenye manyunyu akijibu salamu ni aibu, na kumwingiza kila mpita njia sebuleni hakuwezekani. Msiba ukitokea wakati wa masika ndipo tofauti huonekana waziwazi. Nyumba isiyo na paa la nje huanza kuhangaika na maturubai ya kuazima, kamba na miti, saa ile ile ambayo wenyeji hawana akili ya kuhangaika.

Halafu kuna ukuta wenyewe. Tazama kwa karibu chini ya nyumba ambayo bati lake linaishia shibiri moja nje ya ukuta. Ardhini utaona mstari wa vishimo vidogo vilivyonyooka kama vimepimwa, kila kimoja chini ya bonde moja la bati. Kutoka hapo, hadi urefu wa goti, ukuta umepakwa udongo mwekundu uliorushwa na matone. Plasta imebanduka vipande vipande. Mistari miwili au mitatu ya tofali za chini imeliwa kona mpaka zimekuwa mviringo, na udongo uliotumika kuziunganisha umeoshwa kiasi kwamba ncha za vidole zinaingia kati ya tofali na tofali. Nyumba nyingi huku zimejengwa hivyo: tofali za kuchoma kwa udongo, saruji ikapakwa kwenye viungo vya nje tu ili ionekane. Hakuna ubaya, ni ujenzi wa gharama nafuu na unadumu, kwa sharti moja: maji yasiufikie. Zile zilizojengwa kwa tofali mbichi zina haja zaidi. Kwa hiyo paa la kibaraza kwenye upande unaopigwa na mvua huongeza umri wa ukuta, na hata asiyejali maharage wala wageni ana sababu hiyo ya kulijenga.

Wapo watakaosema kibaraza ni mambo ya pwani, si ya Waha. Hoja hii ina ukweli nusu. Misonge ya zamani ya Buha, kama ile ya jirani zetu wa Burundi, haikuwa na baraza. Nyasi zilishuka karibu kufika chini, na hilo lilitosha kwa sababu paa lenyewe ndilo lililokuwa ukuta. Maji hayakuwa na mahali pa kurukia. Tulipohamia nyumba za pembe nne tuliinua ukuta hadharani, tukakata majani yaliyoufunika, na hatukuweka kitu badala yake. Hatukukosa mahali pa kuiga. Chini ya milima hii, Ujiji, wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walijenga tembe zenye mapenu marefu yaliyofunika jukwaa la udongo mbele ya nyumba. Maongezi yaliyoifanya Kigoma ijulikane duniani, ya Livingstone na Stanley mwishoni mwa 1871, yalifanyika papo hapo: Stanley mwenyewe ameandika kwamba baada ya kusalimiana walikwenda kuketi kwenye jukwaa hilo chini ya upenu, mzee akampisha mgeni akalie mkeka wake uliotandikwa ngozi ya mbuzi. Watu wetu pia walikwenda hadi Tanga kukata mkonge, wakaishi miaka katika nchi ya mabaraza, wakarudi na cherehani na makoti. Namna ya kujenga tuliyoileta ilikuwa ya pembe nne na bati. Kivuli tulikiacha njiani. Kusema sasa kwamba baraza si mila yetu, hali nyumba nzima tunayoishi si ya mila ile, ni kuchagua mila kwa kuikatakata.

Na kama kuna anayetaka ushahidi wa karibu zaidi, aende Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, au Nduta kule Kibondo. Mtu aliyepoteza kila kitu na kupewa turubai na miti michache hana fedha ya kuchezea, lakini mara nyingi kitu cha kwanza anachoongeza kwa mikono yake mwenyewe ni kipenu mbele ya mlango, cha nyasi au cha kipande cha turubai kilichobaki. Hakuna aliyemfundisha. Jua la Agosti na mvua ya Novemba zimemfundisha.

Sasa upana, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu vibaraza vya mita moja vinajengwa kwa kukosa hesabu hii. Muyama iko kama digrii nne na nusu kusini mwa Ikweta. Tena tuko magharibi kabisa mwa nchi huku tukitumia saa moja na watu wa Dar es Salaam, hivyo jua letu hufika juu kabisa karibu saa saba mchana, si saa sita, na saa kumi na moja jioni bado lina nguvu. Mwezi Juni jua hilo la mchana huegemea kaskazini, kiasi cha digrii 62 kutoka upeo wa macho. Desemba huegemea kusini, digrii kama 71. Ukingo wa paa lako ukiwa mita 2.2 kutoka sakafuni, ukuta unaotazama kaskazini unahitaji kivuli cha mita 1.2 tu ili mchana wa Juni usiuguse, na ule wa kusini hata mita moja haifiki. Fundi anayesema mita moja na robo inatosha ana haki, kama shida yetu ingekuwa jua la mchana peke yake. Upande wa magharibi ni habari nyingine: saa kumi na moja jioni jua liko digrii kama 30, na ili kulizuia kwa paa tu ungehitaji karibu mita nne. Upande huo haujengwi kwa bati. Hupandwa mpasheni, au huwekwa pazia la mianzi, au huachwa.

Mvua ndiyo inayoamua. Upepo wa kawaida wa masika ukiinamisha mvua digrii 30, ukingo wenye urefu uleule wa mita 2.2 huruhusu maji kuingia mita 1.27. Yaani kibaraza cha mita 1.2 kimelowa chote, kuanzia ukingoni hadi kizingitini, siku ambayo hakuna hata dhoruba. Cha mita 2.4, ambacho ni urefu wa bati la futi nane pungufu kidogo kwa mlalo, kinabaki na zaidi ya mita moja kavu, na hapo watu wanne wanakaa, au magunia yanapangwa, au mtoto anaweka kiti na daftari. Kati ya kibaraza cha mita 1.2 na cha mita 2.4 gharama haizidi maradufu. Nguzo ni zile zile, mashimo ni yale yale, kinachoongezeka ni bati na mbao. Lakini cha kwanza hakina matumizi yoyote wakati kinapohitajika.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni upepo, na anayelitoa huwa ameona kwa macho yake. Mvua za mwanzo, Oktoba na Novemba, huja na kimbunga kifupi kinachotangulia matone, na kila mwaka haikosekani taarifa ya darasa, zahanati au nyumba iliyoezuliwa mahali fulani mkoani. Kibaraza kilichopanuliwa mara nyingi ndicho kinachoondoka kwanza, na kikiondoka hubeba paa kubwa pamoja nacho. Kwa hiyo wengi huhitimisha kwamba paa pana la nje ni kukaribisha balaa. Mimi nahitimisha kwamba limejengwa kwa kuogopa uzito, wakati hatari iko upande wa pili. Fundi wetu amefundishwa kufikiria kitu kuanguka. Ataweka nguzo nene, atapima kama zinabeba, na kweli zinabeba, maana paa lenyewe ni jepesi: bati la geji 30 ni kama kilo tatu kwa mita ya mraba, na mbao zake kilo sita hivi. Paa la mita 2.4 kwa mita 8 halifiki kilo 200. Upepo wa kilomita 90 kwa saa ukiingia chini yake na kupita juu yake kwa wakati mmoja, huisukuma kila mita ya mraba kwenda juu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 39. Zidisha: ni zaidi ya kilo 700 zinazovuta juu, dhidi ya kilo 200 zinazovuta chini. Paa hilo, kama mwavuli uliopinduliwa, halina nia ya kuanguka hata kidogo, linataka kuruka. Na nguzo nene iliyosimamishwa juu ya sakafu bila kufungwa haimzuii anayeruka.

Tazama basi viungo vinavyofanywa kila siku. Mbao za kibaraza hupigiliwa kwenye ncha za kenchi za paa la zamani kwa misumari miwili, kichwa juu, ili upepo ukivuta uivute misumari kwa upande ule ule ilikoingilia. Nguzo za mirunda hufukiwa futi moja ardhini, mchwa wanaanza kazi wiki hiyo hiyo, na oili chafu iliyopakwa kwenye kitako huwachelewesha misimu michache tu. Wenye uwezo hujenga nguzo za zege zilizomiminwa kwenye bomba la plastiki, zikatiwa nakshi juu na chini na kupakwa rangi ya dhahabu. Mifuko ya saruji imekwisha hapo, na juu ya nguzo hizo za kifalme boriti imelazwa kwa uzito wake tu, haikufungwa na chochote. Nondo iliyomo ndani ya zege imekatwa sawasawa na uso wa nguzo, wakati ingeachwa ichomoze shibiri moja na kukunjwa juu ya boriti ingemaliza tatizo bila gharama ya ziada.

Ninachokiita kusimama kwa miguu yake ni hiki. Kibaraza kiwe na safu mbili za nguzo, moja nje na nyingine imeegama ukutani, kisitegemee kenchi za nyumba hata kidogo. Kila nguzo ya nje ikae kwenye shimo la futi mbili kwenda chini na sentimita 40 kila upande, lililojazwa zege. Donge hilo lina uzito wa zaidi ya kilo 200, na ukiwa na nguzo nne nje, kila moja inadaiwa na upepo ule kama kilo 70 tu. Hesabu inabaki na chenji. Kwenye zege kuchomoze chuma cha kuishika nguzo juu ya usawa wa ardhi, ili mti usiguse udongo na mchwa asipate njia ya kujificha. Boriti ifungwe kwa nguzo, papi zifungwe kwa boriti, kwa waya wa kufungia nondo uliozungushwa mara kadhaa au kwa kipande cha ukanda wa chuma. Misumari iwe ya kusaidia. Waya huo ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika orodha ya vifaa, na ndio unaosahaulika. Kimbunga kikija kuchukua kibaraza kilichosimama hivi, kikikishinda kitakichukua peke yake, na familia italala chini ya paa lake usiku ule.

Utengano huo unatibu pia ugonjwa wa mwinamo. Anayerefusha paa la zamani moja kwa moja hujikuta ukingo umeshuka hadi kichwani. Paa la nyumba likiwa na mwinamo wa digrii 20, kila mita unayoongeza inashuka sentimita 36, na kwa mita 2.4 umepoteza karibu sentimita 90. Ili watu wasijigonge, fundi hulaza bati karibu sambamba na ardhi, na bati lililolala hurudisha maji kwenye maungio na kuyamwaga ukutani, pale pale tulipotaka kupalinda. Paa linalojitegemea huanzia chini ya upenu wa nyumba, likaingia ndani yake sentimita 30, na kuachiwa nafasi ya kiganja kati ya bati na bati. Mwinamo wa digrii 10 unatosha, sentimita 18 kwa kila mita, kwa hiyo ukianzia mita 2.6 unaishia karibu mita 2.2. Ile nafasi ya kiganja hutoa joto na kupunguza nguvu ya upepo unaosukuma toka chini. Nyumba za zamani zilizo fupi, ambazo upenu wake uko mita mbili na kidogo, hazina nafasi hiyo. Hizo ziongezewe kibaraza upande wa pembetatu, ambako ukuta hupanda hadi kileleni na hakuna anayebanwa.

Giza ni pingamizi la kweli na halina jawabu kamili. Sebule ambayo dirisha lake limefunikwa na mita 2.4 za bati itakuwa na mwanga hafifu. Kuna bati la plastiki linalopitisha mwanga. Moja au mawili yakipangwa sawa na dirisha yanasaidia sana, ingawa jua huyapausha na kuyafanya yapasuke mapema kuliko bati la chuma, na anayekaa chini yake mchana ataungua. Naona ni heri kukubali kwamba sebule itakuwa nyeusi kidogo, kwa kuwa mchana hakuna mtu ndani yake. Tunapigania mwanga wa chumba kinachotumika Krismasi na siku ya kuja washenga.

Mbu ni jambo zito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017 uliiweka Kigoma juu ya mikoa yote, karibu mtoto mdogo mmoja kati ya wanne akiwa na vimelea. Kuwajengea watu mahali pazuri pa kukaa jioni, mbu wanapoanza kuuma, kunaonekana ni kuwaita mbu mezani. Lakini watu hawa jioni wako nje tayari, jikoni na uani, kwenye giza. Kibaraza hakiwatoi ndani. Huwakusanya mahali pamoja, na mahali pamoja panaweza kukingwa. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamejaribu vipande vya gunia vilivyolowekwa dawa ya transfluthrin na kuzungushwa penuni, na vilipunguza kuumwa na mbu kwa waliokaa karibu, nje na ndani. Hata kabla dawa hiyo haijafika dukani kwetu, ujenzi wa kibaraza ni nafasi ya kuziba ule uwazi kati ya ukuta na bati ambao mbu hupitia usiku: fundi ameshapanda juu, ngazi ipo, kipande cha wavu na misumari midogo vinatosha. Ninachokataa kabisa ni kuhamishia mafiga kibarazani. Moshi wa kuni chini ya paa lililoshikana na dirisha la chumba cha kulala utaingia chumbani, na bati jipya litakuwa jeusi kabla ya Pasaka. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Hadi wakati huo jiko la kuni libaki kwenye kibanda chake.

Atatokea wa kuniambia fedha hiyo ingejenga chumba cha kupangisha, na mwalimu mpya au nesi angelipa kila mwezi. Kwa aliye karibu na mji wa Kasulu sina ubishi naye, apangishe. Kijijini hesabu ni tofauti. Chumba kinataka msingi, kuta, mlango, dirisha, plasta, sakafu na paa. Kibaraza kinataka paa, nguzo nane na mashimo. Na kina mapato yake: mita za mraba 19 zinakusanya lita 19 kwa kila milimita ya mvua, na hapa mvua ya mwaka huvuka milimita 1,000. Hata theluthi ikimwagika kwa ubovu wa gata, lita elfu kumi na mbili zimeishia kwenye mapipa mlangoni, badala ya kubebwa kichwani na wasichana kutoka bondeni.

Limebaki swali la upande, nalo ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Nyumba zetu zinatazama barabara. Hazikuchagua, Operesheni Kigoma ya 1972 ilitutoa kwenye vilima tulikotawanyika ikatupanga mistari kandokando ya njia, na tangu hapo mbele ni barabarani, hata kwa nyumba zilizojengwa na wajukuu. Kwa hiyo mtu akifikiria kibaraza anakifikiria barabarani. Lakini barabara kuu na za mkoa, kwa sheria ya 2007, zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na tangu ujenzi wa lami wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu uanze, wengi wamejua maana ya alama ya X nyekundu ukutani: bomoa. Kurefusha nyumba mita 2.4 kuelekea huko ni kuipeleka kwenye X kwa hiari. Uani, kwa upande mwingine, ndiko yaliko maharage, maji, kuni, watoto na jiko. Kibaraza cha uani hakionekani na wapita njia, hakihitaji nguzo za dhahabu, hakiombi kuwekewa nondo za dirishani kama kizimba kwa hofu ya wezi. Mgeni wa heshima atapitishwa pembeni ya nyumba hadi huko, na wazee wachache watanung'unika kwamba siku hizi watu wanapokelewa kwa mlango wa nyuma. Fedha ikipungua, punguza urefu na uache upana wa mita 2.4 kama ulivyo, na sakafu ibaki ya udongo ulioshindiliwa kwa mwaka wa kwanza. Zege la mashimo limwagwe Julai, baada ya maharage ya pili kuuzwa, likomae kwa kumwagiwa maji wiki nzima, na bati lipigwe kabla ya Oktoba.